Kimbunga Kikija, Mimi Hulala

Hapa Houston, ukikaa na watu wa siku nyingi hukawii kuulizwa: kimbunga Harvey kilikukuta wapi? Kila mtu ana yake. Huyu alitolewa dirishani akapandishwa mashua, yule gari lake lilielea mpaka mtaa wa pili. Mimi wenzangu hunijibia kabla sijafungua mdomo. "Huyu? Huyu ndiye aliyeokoa watu!" Wanalisema kwa mapenzi, na ni kweli wapo waliopata msaada kupitia simu yangu. Ila wengi wao hawajui kwamba wiki ile ya mwisho ya Agosti 2017 nilikuwa mgonjwa kuliko nilivyowahi kuwa, na kwamba ugonjwa wenyewe ulivaa sura ya huruma, ukapigiwa makofi.

Nina baipola. Jina hilo nilipewa na daktari huku Marekani, lakini maradhi nilikuja nayo kutoka Lindi. Nikiwa kidato cha tano nilikaa usiku kadhaa mfululizo bila kulala, nasema kama mtu aliyewekewa betri, naandika daftari zima la mipango ya biashara ya korosho. Shangazi akasema hili ni jini. Nikapelekwa kwa shehe, nikanyweshwa kombe. Mjomba, ambaye ndiye msomi wa ukoo, akasema nipelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, na mama akamjibu kwamba kama ni Mirembe basi atangulie yeye. Miezi michache baadaye nikaangukia upande wa pili: kulala mchana na usiku, chakula hakipiti, kuoga naona ni kazi ya kubeba zege. Hapo hakuna aliyetaja jini. Hapo niliitwa mvivu.

Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Kuna kupanda na kuna kushuka. Kushuka watu wanakuelewa kidogo, maana siku hizi hata redioni wanazungumzia sonona. Kupanda ndiko kunakodanganya. Mtu aliyepanda hajisikii mgonjwa hata chembe. Anajisikia amepona kila kitu, mpaka magonjwa ambayo hajawahi kuugua. Akili inakimbia, hela zinatoka, usingizi unaonekana ni anasa ya wavivu. Na kwangu mimi, kama ilivyo kwa wengi wenye hali hii, usingizi ni dalili na ni chanzo pia: nikipanda silali, na nisipolala napanda. Daktari wangu wa kwanza aliniambia jambo ambalo wakati ule nililiona dogo, kwamba kukosa usingizi usiku mmoja au miwili kunatosha kuniwasha.

Sasa fikiria kimbunga kinafanya nini kwa usingizi wa mtu.

Harvey kilitua karibu na Rockport, kusini ya mbali na sisi, usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti, kikiwa cha daraja la 4 kati ya 5. Upepo wake sisi wa Houston hatukuuona sana. Shida ni kwamba kilipoingia nchi kavu kilikosa upepo wa juu wa kukisukuma, kikabaki kinazunguka eneo lilelile, kikivuta maji ya Ghuba ya Meksiko na kutumwagia. Nederland, mashariki mwa Houston, walipimiwa zaidi ya milimita 1,500 za mvua katika siku hizo chache. Dar es Salaam kwa mwaka mzima hupata kama 1,100. Amri ya kuhama mji haikutolewa, kwa sababu viongozi walikuwa bado na kovu la kimbunga Rita, mwaka 2005, pale watu zaidi ya milioni mbili walipotoka kwa mkupuo, wakakwama barabarani kwenye joto, na zaidi ya 100 wakafia katika safari ya kukimbia kimbunga. Kwa hiyo tukakaa.

Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili ndio ulionitoa relini. Simu za huku hupiga king'ora zenyewe serikali ikitoa tahadhari, hata uwe umezima sauti. King'ora cha mafuriko ya ghafla. King'ora cha tonado. Unalala, dakika ishirini, kinalia. Unaangalia, eneo si lako, unalala, kinalia tena na safari hii ni lako, unakimbilia bafuni kwa sababu ndiko hakuna dirisha. Nilikuwa naishi ghorofa ya pili kusini-magharibi mwa mji, kwenye majengo yaliyojaa wahamiaji: Wakongo, Waafghani, watu wa Honduras. Maji yalijaa maegesho ya magari, hayakupanda kwetu. Kwa maana ya kimbunga, mimi sikuguswa.

Kulipokucha Jumapili sikuwa na haja ya kulala tena. Kuna programu ya simu inaitwa Zello, inageuza simu kuwa redio ya upepo, na ndiyo waliyoitumia watu wengi wenye mashua za binafsi, wakiwemo wale waliotoka Louisiana, kupanga nani afuatwe wapi. Nikajiunga. Jirani yangu mmoja Mkongo, mama kutoka Bukavu, alikuwa anapigiwa na jamaa zake waliokwama, hawajui Kiingereza, hawajui wamwambie nani. Nikakaa mezani na simu mbili. Moja napokea kwa Kiswahili, nyingine nasoma anwani kwa Kiingereza. Mama fulani yuko kwenye ngazi na watoto, maji yako ngazi ya nne. Mzee mmoja ana sukari, insulini yake imeelea na friji. Namba zangu zikasambaa, na kufikia jioni nilikuwa napigiwa na watu ambao hata jirani hawajui.

Hapo mtu atasema: mbona hilo ni jambo jema? Ni jema. Ndiyo tabu yake. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 28 walipoanza kufungulia maji ya mabwawa ya Addicks na Barker ili yasizidiwe, na nyumba za magharibi zilizokuwa kavu zikaanza kuingia maji, simu ziliongezeka na mimi nikaongezeka nazo. Barabara zilipopitika nikaenda kwenye ukumbi wa mikutano wa George R. Brown katikati ya mji, ambako walikuwa wamepanga kupokea watu 5,000 wakafika kama 10,000, nikawa mkalimani. Nakwenda kitanda hadi kitanda. Nacheka na kila mtu. Nikawaahidi watu nyumba. Kadi yangu ya benki ilinunua nepi na magodoro kwa pesa ambazo sikuwa nazo. Usiku wa manane nikawa nawapigia watu Dar kuwaambia naanzisha taasisi, wajiandae kuwa wakurugenzi. Nilikuwa na hakika, hakika isiyo na ufa, kwamba Mwenyezi Mungu ameniteua, na kwamba hata mvua ililetwa ili nifanye kazi hii.

Na hakuna aliyeshtuka. Siku ya kawaida, mtu akisema kwa kasi ile, akipiga simu saa tisa usiku, akigawa magodoro, nduguze wangekaa kikao. Lakini wiki ile mji mzima haukulala. Kila mtu alikuwa anasema kwa kasi, kila mtu macho mekundu. Nikapotea ndani ya umati wa watu wazima walioshikwa na taharuki ya kweli. Aliyeona ni yule jirani peke yake. Alinitazama usiku mmoja nikiwa nakunja nguo za msaada ambazo nilikwishazikunja, akaniuliza kwa Kiswahili chao: "Dada, weye haulalake?" Nikamjibu nitalala mvua ikikatika. Akatikisa kichwa. Hakuwa na jina la ugonjwa, ila alikuwa amekimbia vita na alishaona watu wanaendelea kukimbia hata baada ya kufika.

Dawa nilikuwa nameza? Nilikuwa nameza nikikumbuka. Lithiamu haifanyi kazi kwa mtindo huo.

Mvua ilikatika. Septemba ikaja na jua kali, na mbele ya kila nyumba iliyoingia maji kukawa na kichuguu cha mali: makochi, mazulia, kuta za jipsamu zilizobomolewa, picha za harusi zimevimba. Harufu ya ukungu ilishika mji wiki kwa wiki. Wafadhili walikuja wakapiga picha, wakaondoka. Wenye mashua walirudi Louisiana. Na mimi, kidogo kidogo, nikaanza kushuka. Kwanza sikuweza kujibu simu. Kisha nikawa naogopa simu yenyewe, nikiiona tu mezani moyo unadunda. Wale niliowaahidi nyumba walikuwa wanapiga kwa haki yao. Bili ya kadi ikafika. Mvua ya kawaida tu ikinyesha nakaa bafuni.

Kufikia Novemba nilikuwa sitoki kitandani. Niliwaza kufa. Nalisema wazi kwa sababu sisi watu wa pwani tunaona kulitaja ni kulialika, na kwa kutolitaja tunamwacha mtu nalo peke yake. Nilikuwa nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na nilipokosa shifti bila taarifa, msimamizi wangu, muuguzi Mfilipino, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, alikuja kugonga mlango. Hakuniuliza kama niko sawa. Aliketi ukingoni mwa kitanda akaniuliza: "Unafikiria kujiua?" Nilishangaa jinsi swali lile lilivyonipumzisha. Nikasema ndiyo. Akasema basi twende, akanisubiri nivae viatu. Nililazwa. Siku hizi, tangu Julai 2022, mtu yeyote aliyeko Marekani anaweza kupiga au kutuma ujumbe kwenda 988 saa yoyote, usiku au mchana. Enzi ile ilikuwa namba ndefu ambayo mtu aliyeshuka hawezi kuikumbuka.

Wodini ndiko nilikoelezwa kwamba sikuwa kioja. Utafiti uliofanywa kwa watu wa Ghuba baada ya kimbunga Katrina cha 2005 ulikuta kwamba matatizo ya akili hayakupungua mwaka uliofuata, kama ilivyozoeleka kuonekana baada ya majanga mengine. Yaliongezeka. Watu walistahimili upepo, wakavunjwa na fomu, na fundi aliyekula malipo, na kulala kwa ndugu mpaka undugu ukaisha ladha. Mwenye kovu usidhani kapoa, wazee walishasema. Lakini misaada ya huku imepangwa kana kwamba kimbunga ni cha wiki moja.

Nilitoka na daktari mpya, na tukaandika karatasi. Sipendi kuiita mpango, maana ukisema mpango watu wanatoa kalamu wanakili, na yangu haitamfaa mwingine mpaka aketi na daktari wake. Lakini nitasimulia yaliyomo.

La kwanza ni televisheni. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni kama Septemba 10. Miezi sita ya kutazama koni. Koni ni ile picha ya mdomo wa tarumbeta inayoonyesha kitovu cha kimbunga kinaweza kupita wapi, na wengi hudhani aliye nje ya koni yuko salama, wakati kitovu chenyewe hutoka nje ya koni kama mara moja katika kila tatu, achilia mbali mvua yake. Kwa mtu mwenye wasiwasi, koni ni sumu: unaitazama kila dakika kumi kama itasogea kwa kutazamwa. Nilipojua kwamba Kituo cha Taifa cha Vimbunga, kule Miami, kwa kawaida hutoa taarifa kamili kila baada ya saa sita, nikaelewa kwamba katikati ya hapo watangazaji wanatafuna maneno yaleyale. Kwa saa za Houston taarifa hutoka saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi, saa kumi jioni na saa nne usiku. Mimi nasoma ya saa nne asubuhi na ya saa kumi jioni. Zile za usiku namwachia Mungu na jirani.

Jirani ndiye la pili. Tulikubaliana, yeye na mimi, uso kwa uso, kwamba usiku wa kimbunga mimi nalala na simu yangu inakaa kwake. King'ora kikilia yeye ndiye atakayeamua kama ni cha kuniamsha. Mimi nami huwa nakaa na watoto wake wakitoka shule, kwa hiyo hakuna mwenye deni. Nikampa na karatasi ya dalili, nimeiandika mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu: nikianza kugawa vitu, nikianza kukatiza watu maneno, nikisema sihitaji kulala, nikimtaja Mungu kama mfanyakazi mwenzangu. Chini yake kuna namba ya daktari na ya mdogo wangu aliyeko Dallas. Akaisoma, akacheka, akasema la Mungu ameliona tayari 2017.

Baridi ile kubwa ya Februari 2021, umeme ulipokatika sehemu kubwa ya Texas watu wakaganda majumbani, siwezi kuisimulia sana. Tulilala vitanda viwili vilivyounganishwa, watoto katikati, na tuliwazuia wengine wasiingize majiko ya mkaa ndani, maana familia kadhaa mjini zilikuwa zinazimika kwa kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa. Ilipita.

Mwaka ulionipima ni 2024, na ulianzia nyumbani. Mwanzoni mwa Mei nikasoma kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatahadharisha juu ya kimbunga Hidaya, kinaelekea Mafia na pwani ya kusini. Lindi! Vimbunga havitujii mara nyingi kule, kwa sababu karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayokifanya kimbunga kizunguke ni hafifu mno. Lakini vikija vinakumbukwa. Aprili 1952 Lindi ilipigwa na tufani, na bibi yangu alikuwa akihesabu umri wa watu kwa hiyo: fulani kazaliwa kabla ya tufani, fulani baada. Nikampigia mama nikiwa natetemeka, nina maswali yote ya Houston: una maji, una tochi, umejaza ndoo? Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, hapa tumefunga madirisha, tunakula, tutalala. Na wewe kalale, huko kwenu si usiku?" Hidaya kilifika karibu na Mafia tarehe 4 kikiwa kimelegea. Mvua zake zilikata barabara ya Dar kwenda Lindi pale maeneo ya Somanga, mabasi yakakwama, lakini mama alikuwa salama. Nilikaa na ile simu muda mrefu. Hajasoma popote kuhusu ugonjwa wangu, na ndiye pekee aliyenipa agizo sawa na la daktari.

Wiki mbili hazijaisha, Mei 16 jioni, upepo wa mstari, wanaouita derecho, ukapiga Houston kwa ghafla. Vioo vya maghorofa ya katikati ya mji vilimwagika barabarani, nyumba na biashara karibu milioni moja zikakosa umeme. Haukuwa na koni wala jina. Kisha Julai, Beryl.

Beryl kilikuwa kimbunga cha ajabu. Kilifika daraja la 5 mwanzoni mwa Julai, mapema kuliko kimbunga chochote cha Atlantiki katika kumbukumbu. Utabiri ulikipeleka Meksiko, ukakisogeza mpakani, halafu wikendi ya sikukuu yao ya uhuru, watu wakiwa wanachoma nyama, ukakileta kwetu. Kilitua Matagorda alfajiri ya Jumatatu, Julai 8, kikiwa daraja la 1 tu. Watu wakadharau. Mimi nilimpa jirani simu saa mbili usiku, nikameza kidonge cha usingizi ambacho daktari huniandikia vichache kwa ajili ya usiku wa namna hii, nikalala. Asubuhi miti ilikuwa chini mtaa mzima na wateja zaidi ya milioni mbili wa umeme walikuwa gizani. Nilikuwa nimelala kimbunga kizima. Jirani alisema kulikuwa na kishindo, nikamwambia hongera.

Adui wa Beryl alikuja baada ya upepo: joto. Julai ya Houston bila kiyoyozi si joto la Lindi lenye upepo wa bahari na nyumba yenye dari ya juu. Nyumba za huku zimejengwa zifungwe, madirisha mengine hayafunguki. Joto la kuhisi lilipita nyuzi 38, na usiku halikushuka kwa maana yoyote. Ramani ya kampuni ya umeme ya kuonyesha wapi umeme umerudi haikuwa ikifanya kazi, mpaka mtu mmoja akagundua kwamba programu ya Whataburger, mgahawa wa baga, inaonyesha matawi yaliyo wazi na yaliyofungwa. Mji wa nne kwa ukubwa Marekani ukawa unatafuta umeme kwa kufuata baga. Kucheka tulicheka.

Hapa ndipo lithiamu inapotaka heshima yake. Ni chumvi ya madini, imekuwa ikitumika kwa ugonjwa huu tangu daktari mmoja wa Australia, John Cade, alipoandika habari zake mwaka 1949, na mwanya kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni mwembamba. Ndiyo maana tunapimwa damu mara kwa mara. Figo ndizo zinazoitoa mwilini. Ukitoka jasho sana, ukapungukiwa maji na chumvi, figo zinaishikilia, inapanda kwenye damu. Mikono inatetemeka zaidi ya kawaida, unaharisha, unatapika, ulimi unakuwa mzito, unayumba kama mlevi, na hiyo ni dharura ya kukimbilia hospitali. Kuna na mtego mwingine ambao siku za kimbunga hauepukiki: kila mtu anakata miti na kubeba mizigo, migongo inauma, na mkononi mwa kila msamaria kuna ibuprofeni. Ibuprofeni na ndugu zake hupandisha lithiamu. Mimi nakunywa parasetamoli. Na wale wanaotumia dawa za kundi jingine, za kutuliza akili iliyochanganyikiwa, nao wajue kwamba baadhi yake huufanya mwili ushindwe kujipoza. Katika chama chetu cha Watanzania na majirani, wapo wanaozimeza kwa siri. Nawajua kwa macho yao, nao wananijua.

Kwa hiyo deli langu lilikuwa na maji na barafu, nikawa nakunywa kwa saa, kiu iwepo au isiwepo, na kula chakula chenye chumvi ya kawaida. Dawa zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na chupa yake yenye lebo. Hiyo lebo ni mali. Maduka ya dawa mengi yalikuwa yamefungwa, na watu hawajui kwamba Texas, maafa yakitangazwa, mfamasia anaruhusiwa kukupa dawa ya hadi siku 30 bila kumpata daktari wako, isipokuwa zile zenye udhibiti mkali kabisa. Ila sharti ajue unatumia nini, na lebo inasema vizuri kuliko mdomo uliokauka.

Usiku wa kwanza baada ya upepo sikupata usingizi kwa joto. Kwenye karatasi tulikuwa tumeandika: usiku mmoja bila usingizi na umeme haujarudi, ondoka. Imeandikwa hivyo, bila "kama" wala "labda". Lakini asubuhi ile chini ya ngazi kulikuwa na kazi. Kuna wazee ghorofa ya kwanza, kuna mama mjamzito, kuna watu wanataka kutafsiriwa taarifa za vituo vya kupozea mwili. Na walianza kuniita kwa majina yale ya 2017, mwokozi wetu, dada mkubwa. Nilihisi ile kitu ikijinyoosha ndani yangu, tamu, inasema baki. Sijui kama mtu asiye na ugonjwa huu ataelewa jinsi inavyouma kuiacha sifa unayoweza kuipata kwa urahisi hivyo. Nilimpa jirani barafu iliyobaki, nikamwonyesha mtoto wake mkubwa, kijana anayesoma sekondari, jinsi ya kupiga 211, namba ya kuulizia misaada, na kuomba mkalimani wa Kiswahili, nikaingia garini na kwenda Dallas kwa mdogo wangu. Nilimwomba jirani tuondoke wote. Alisema watoto wake wamehama vya kutosha.

Wengine walisema nimewakimbia. Lilinifikia. Mmoja aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba siku hizi dada fulani amekuwa mtu wa maji ya baridi. Sikumjibu, na sidhani kama namdai radhi. Dallas nililala chumba chenye baridi mpaka nikaota. Nilipimwa damu, kipimo kiko pale kinapotakiwa.

Niliporudi umeme ulikuwa umerudi kwetu, watu wameshachoka kusimuliana, na ndipo nikaanza kazi. FEMA, shirika la serikali ya Marekani la maafa, wakikupa barua ya kwanza inayosema hapana, una siku 60 za kukata rufaa, na mara nyingi ile hapana ni ya karatasi moja tu iliyokosekana: mkataba wa pango, bili yenye jina lako. Watu wetu wakiona barua yenye nembo ya serikali inasema hapana wanaikunja, wanaiweka chini ya godoro. Nilianza kupita nyumba kwa nyumba jioni, baada ya shifti, mwisho saa mbili usiku. Agosti, Septemba, Oktoba. Kwa kila familia napita mara mbili, ya pili bila fomu, kunywa chai na kutazama nani hajibu simu siku hizi, nani amenyamaza, baba gani amekuwa mkali kwa watoto ghafla. Nikiona, namuuliza kama nilivyoulizwa, bila kuzunguka. Baadhi wamekasirika. Wengine wawili watatu walikaa kimya, kisha wakasema ndiyo, tukaenda.

Kabla ya msimu uliofuata chama kiliitisha kikao cha kuunda kamati ya vimbunga, na mwenyekiti akapendekeza niiongoze, ukumbi ukapiga makofi. Nikasimama nikawaambia nina baipola, nikawaeleza ni nini, na kwamba usiku wa upepo wasinitafute kwa sababu nitakuwa nimelala kwa dawa. Kimya kidogo. Mzee mmoja wa Tanga akauliza kama ndiyo sababu ya yale magodoro. Nikasema ndiyo, mzee, ndiyo yale magodoro. Katibu hakujua aandike nini, akaniuliza, nami nikamtajia: fomu na rufaa, kuanzia wiki ya pili baada ya kimbunga. Akaandika hivyohivyo, wakaendelea na ajenda ya jenereta, iliyowachukua saa nzima kwa sababu hakuna aliyekubali ikae kwa mwenzake.